Vifuko Tisa vya Kona ya Chui

3 Februari

Kwako mpwa wangu, binti wa dada yangu,

Salamu nyingi, hata mizani yako haiwezi kuzipima. Mimi mzima, chuma kile kile. Kutu inanitafuta lakini haijanipata. Mama yako naye mzima. Anasema ule ushibe, usisome ukasahau tumbo.

Tangu upande basi siku ile nalala kwa jicho moja. Vifuko vyako thelathini vya wavu, vyenye majani makavu ndani, nimevihesabu, vipo vyote, kila kimoja chini ya mti wake, kimefungwa kamba nyekundu kwenye mzizi kama mbuzi. Vile thelathini vingine, vya msitu wa zamani ng'ambo ya kijito, anavitazama bwana misitu. Sina neno naye, ni mtu mwema, ila ana miguu laini. Na msitu wa zamani ulijiotea wenyewe, mlinzi wake hata akisinzia hausikitiki. Huu wangu bado mtoto, miaka kumi na mmoja tu. Kila mti nimeupanda kwa mkono huu. Miti elfu nne, kwa siku moja, mvua inanyesha, tena nina homa.

Pale stendi ulitaka kunieleza mambo ya majani, nikakukatiza. Usione vibaya. Mtu hafundishwi kumwogesha mtoto wake mwenyewe. Karatasi mbili ulizoniachia nimezisoma mwanzo hadi mwisho, nimezielewa kuliko aliyeziandika, kisha nikazibandika dirishani ili kila apitaye ajue humu ndani anakaa mtu wa sayansi.

Mwenye tanuri la matofali ameanza kupitapita. Jana alisimama katikati ya miti yangu akaupiga udongo teke, kama mtu anayenunua ng'ombe. Ananiambia, "Mzee, udongo mzuri wa matofali umelala bure chini ya kuni zako." Nikamwambia asubiri baraza la kijiji la Juni liamue, mpwa wangu ataleta majibu ya kitaalamu. Akacheka. Mwache acheke, meno ni yake.

Simu yangu bado imekufa tangu ilipoanguka kijitoni nilipokuwa nikimwokoa ndama. Kwa hiyo niandikie. Bwana misitu huenda mjini kila Ijumaa, atazibeba barua zetu.

Mjomba wako,
Chuma cha Pua

15 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha mizani, nikacheka mpaka fundi wa maabara akaja kuuliza kama nimemwaga kitu. Mjomba, mwaka jana miti ilikuwa elfu mbili. Na ndama alikuwa mbwa.

Kazi yako ni ndogo. Kila Jumamosi pita, tazama kama kuna kifuko kimefukuliwa na mbwa au kimekanyagwa, uniandikie. Usivifungue. Usiongeze wala kupunguza kitu. Mengine yote yamo kwenye zile karatasi, nashukuru umezisoma, maana profesa alinigombeza kwamba nimemwachia kazi mtu bila kumweleza vizuri. Nikamwambia, humjui mjomba wangu.

Baraza litauliza swali moja tu: ardhi iliyochimbwa udongo mpaka ikabaki kipara, je, imefufuka au hapana? Vifuko ndivyo vitakavyojibu. Bwana misitu ataviondoa vyote mwishoni mwa Aprili na kunitumia.

Mbusu Mama.

Mpwa wako

9 Machi

Kwako Bi Udongo,

Marahaba ya shikamoo yako. Ndama alikuwa ndama. Mbwa alikuwa wa siku nyingine.

Sasa kaa kitini. Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kona ya chini ya msitu wangu, pale karibu na jabali, penye vifuko vyako tisa vya mwisho. Nikasikia majani yanasema kwa-kwa-kwa. Nageuka, chui! Si mtoto wa chui, chui mwenye familia. Amenitazama, nimemtazama. Mkononi sina hata kijiti. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, mmoja wetu leo hali chakula cha jioni nyumbani." Akaruka. Nikamshika hapa na hapa, tukabiringika mpaka kwenye jabali, na kama si shati langu kuchanika ningekuletea ngozi uitandike kitandani. Alikimbia yeye. Mimi niliondoka kwa hatua za kawaida.

Lakini chui ni mnyama wa kisasi. Kwa hiyo kona ile nimeipiga marufuku. Asiingie mtu: wewe, bwana misitu, wala mama wa kuni anayepita pale kila siku na mzigo wake. Naye hasa asipite, maana ana maneno mengi.

Vifuko vingine ishirini na kimoja viko salama, vimenona. Husuda ipo, mpwa wangu, kuna wanaotaka ushindwe, ila nimewakomesha. Nawakamata kila siku na kuwatupa ng'ambo ya uzio.

Mjomba wako,
Mshika Chui

24 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimekwisha kumwandikia bwana misitu kuhusu chui. Mkuu wake amekubali: hakuna kuingia kona ile mpaka wamtafute. Vile tisa tutaviacha, ishirini na kimoja vitatosha. Tafadhali na wewe usikaribie. Najua wewe huogopi, mimi ndiye ninayeogopa.

Ni nani unayemtupa ng'ambo ya uzio?

Na majani ndani ya vifuko yakoje? Yamebadilika rangi? Yametoboka?

Mpwa wako

11 Aprili

Kwako mpwa wangu,

Mvua imeshuka kama imesahau kufunga mlango. Nyumba za watu zimevuja, yangu haijavuja, na bati nilipiga mwenyewe, nimefumba macho.

Unauliza majani. Majani yako kama siku uliyoyaacha. Hakuna tundu, hakuna doa. Ukiyaona utadhani yameanguka jana. Profesa akija nitamwonyesha, atataka kunichukua nikafundishe.

Ninaowatupa ni vijisumbufu tu, usijali. Kazi ya mlinzi haielezwi yote.

Bwana misitu anasema atakuja kuchukua vifuko tarehe ishirini na nane. Aje. Atavikuta vimejipanga kama askari siku ya gwaride.

Mjomba wako,
Mlinzi Mkuu wa Majani

8 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana.

Vifuko vimefika. Nimeyakausha majani kwenye tanuri la maabara siku tatu, nimeyapima. Kila kifuko kilianza na gramu kumi. Vya msitu wa zamani vimebaki na gramu nne hivi, vingine tatu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ardhi iliyo hai huyala majani yake: jongoo anatafuna, mchwa anabeba, kuvu anamalizia, mvua inashusha chini, mti unakula tena. Jani lililopotea ndiyo habari njema.

Vya kwako vina gramu kumi. Vingine kumi na moja.

Profesa anasema kama sijawahi kuona ardhi iliyokufa, basi ndiyo hii sasa niione. Anasema miti imesimama, lakini chini hakuna mtu nyumbani. Kwamba pengine tanuri lilichimba mpaka pasipofufuka.

Mjomba, ripoti ya baraza inatakiwa tarehe kumi na mbili Juni. Siwezi kuandika uongo. Nikiandika nilichopima, mwenye tanuri ataingia na majembe kabla ya mwezi kwisha. Nimelia, sikufichi.

Jambo moja linanisumbua. Mimi nilivishona vifuko kwa mshipi wa kuvulia. Vingi vya kwako vimeshonwa kwa uzi mweusi. Bwana misitu anasema si yeye. Kama kuna kitu unakijua, niambie.

Mpwa wako

15 Mei

Mpwa,

Mizani ya profesa wako ni mbovu. Mimi nimewahi kupima tembo, najua mizani mbovu.

Uzi mweusi siujui. Labda ni panya.

Mjomba wako,
Chuma cha Pua

16 Mei

Mpwa wangu,

Bwana misitu ameshaondoka na barua ya jana. Nilimkimbilia mpaka barabarani nikaona vumbi tu. Kwa hiyo utazisoma mbili kwa zamu. Ile ya kwanza ichane. Panya hashoni.

Jana baada ya kuandika nilitoka nje nikasimama dirishani. Karatasi zako, mpwa wangu, sikuzisoma. Kioo kilikuwa kimepasuka, upepo unaingia, nikazibandika kuziba ufa, na maandishi nikayageuzia nje. Nilisimama uani kwangu kama mgeni nikasoma yote, mstari kwa mstari, kwa kidole. Pale ulipoandika, "Mjomba, usishangae yakipungua, hicho ndicho tunachokitafuta," nilirudia mstari ule mara tatu.

Sikiliza sasa, na safari hii sitii chumvi.

Wiki ya tatu nilikiinua kifuko namba tatu nikaona mwanga unapita. Jani limebaki mishipa, kama wavu ndani ya wavu. Nikasema, nimeibiwa. Mlinzi gani huyu, anaibiwa mbele ya pua yake? Nikamvizia mwizi siku mbili, hakuja mtu. Nikafungua. Ndani nikamkuta jongoo amejikunja kama kifungo cha koti, ananitazama bila haya. Nikamtupa ng'ambo ya uzio. Kesho yake wawili. Nikawatupa. Nikaokota majani mapya, yale mazuri mazima, nikayaanika juu ya bati, nikayajaza, nikashona kwa uzi wa shuka. Kila Jumamosi hivyo. Vyote ishirini na kimoja. Wewe ulisema nisiongeze wala kupunguza, nikajiambia sijaongeza, nimerudisha tu.

Wazee walisema la kuvunda halina ubani. Mimi nikadhani kuvunda ni aibu ya kufichwa, nikawa nafukiza ubani kila Jumamosi. Kumbe nilikuwa naziba mdomo wa shahidi wetu mwenyewe.

Na lipo jingine. Mama yako hakukuambia, nami nilimwapisha asikuambie. Unajua aliyepanda msitu ule. Aliyeuchimba humjui. Udongo wa lile tanuri niliuchimba mimi, miaka kumi na tisa, na hakuna aliyenishinda, hili muulize yeyote. Tulipofika chini hapakuwa na mdudu. Nzi alipita akaendelea na safari yake. Siku waliyotupunguza kazini niliketi ukingoni nikaona kazi ya mikono yangu, ndipo nikaanza kupanda. Si elfu nne. Mia sita na arobaini, kwa miaka mitatu, na mingi ilikufa nikarudia. Sasa unaelewa kwa nini sikutaka kuona kitu chochote kikipungua pale tena.

La mwisho ndilo gumu, na wazee walisema pia mficha uchi hazai. Hakuna chui.

Walikuwa siafu. Nilisimama juu ya njia yao nikijisifia moyoni, wakapanda. Walipofika gotini nilikuwa bado mwanamume. Walipofika juu zaidi nilivua suruali nikaishika mkononi, nikakimbia mpaka kijitoni nikiita mama. Sijarudi kona ile hadi leo. Hata siku moja. Vifuko vile tisa sijavifungua, sijavijaza, sijavigusa.

Ukitaka kunitukana, tukana. Lakini vile tisa vipo.

Mjomba wako

25 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa sakafuni. Nimekasirika mpaka nikacheka, nimecheka mpaka nikakasirika tena. Nitakutukana nikija likizo, ana kwa ana, kwa heshima zote.

Na mimi nina langu. Pale stendi ningeweza kusema, "Mjomba, nyamaza dakika mbili." Dereva hakuwa amewasha gari, alikuwa anakunywa chai. Sikusema kwa sababu napenda unavyojisifu. Kosa tumegawana.

Profesa nimemwonyesha barua yako. Amesoma, amefika kwenye suruali, ametoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Amesema, "Hivyo tisa viletwe. Na mlinzi huyu asiguse kitu kingine chochote maishani mwake."

Sasa fuata hivi, neno kwa neno. Nenda na bwana misitu, awe shahidi. Kata kamba, usivute kifuko. Usitikise. Usipulize. Ukimkuta jongoo, mwache. Kila kifuko kwenye bahasha yake ya karatasi, andika namba. Siafu hawakai mahali pamoja, Mjomba, huhama kila baada ya wiki chache. Inaelekea wameondoka zamani, na wewe umekuwa ukiikimbia kona tupu.

Na kuhusu kuchimba: nimeelewa. Hatutalisema tena, ila utakapotaka kulisema wewe.

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Tumekwenda. Bwana misitu alitangulia, nami nikaingiza suruali ndani ya soksi. Hakukuwa na siafu.

Kifuko cha kwanza nilipokiinua nilidhani hakina kitu. Kikavu, chepesi, mishipa mitupu na vumbi jeusi. Chini yake udongo umekuwa mweusi, unavunjika kama keki, unanuka mvua. Nyuzi nyeupe nyembamba zimepita katikati ya majani kama mtu ameyadarizi. Bwana misitu anasema huyo ni kuvu. Nyungunyungu alitoka, akatuona, akarudi ndani bila kuaga. Na jongoo, mpwa wangu, jongoo kila mahali. Niliwaambia shikamoo.

Miaka kumi na tisa nilichimba pale sikumwona hata mmoja.

Bahasha tisa, hizi hapa. Sikupuliza.

Mjomba wako

14 Juni

Shikamoo Mjomba,

Gramu nne na nusu. Huo ndio wastani wa vile tisa. Vimekaa mwezi mmoja zaidi ya vile vya msitu wa zamani, kwa hiyo si sawasawa, na nimeandika hivyo. Lakini ardhi yako inakula, Mjomba. Inakula polepole kama mgonjwa aliyeanza kupona, lakini inakula.

Ripoti imekwenda. Profesa alinilazimisha niandike kila kitu: uzi mweusi, jongoo wa ng'ambo ya uzio, kwa nini vifuko tisa havikuguswa. Anasema bila siafu vile tisa havina maana, maana mtu atauliza, mbona na hivyo havikujazwa? Nimeandika "mlinzi alifukuzwa na siafu". Suruali nimeiacha.

Mimi nina mtihani siku ya baraza, sitakuwepo. Watataka kumsikia mlinzi mwenyewe. Najua watu watakaojaa ukumbini, najua wote wamewahi kusikia habari za chui. Siwezi kukulazimisha.

Mpwa wako

24 Juni

Mpwa wangu,

Nilikwenda.

Ukumbi ulijaa. Mwenye tanuri mbele na shati jeupe, nyuma wale tuliochimba nao zamani. Mwenyekiti alisoma ripoti yako, akavua miwani yake kunitazama. Akasema, "Mzee, mwezi wa tatu ulituambia chui. Leo siafu. Mwezi ujao itakuwa nini?"

Nikasema, "Siafu, mwenyekiti."

Mwenye tanuri akainuka. "Mtu huyu ameongopa tangu tukiwa vijana. Leo tunagawa ardhi kwa hadithi zake? Nani alimwona?"

Na kweli, nani aliniona?

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. "Mimi." Mama wa kuni. Akaingia hata mzigo hajautua. "Nilimwona mimi, Machi, Jumamosi. Kapita hapa mbele yangu, suruali mkononi, anamwita mama yake. Nikamsalimu, hakuitikia. Na tangu siku hiyo nikipita kona ile sijamwona tena kukanyaga. Nimenyamaza miezi mitatu kwa kumhurumia, ila kama mnataka, niseme na rangi ya chupi."

Mwenyekiti akasema haitakuwa lazima.

Walicheka, mpwa wangu. Ukumbi ulicheka mpaka karani akalala juu ya madaftari. Mimi nilisimama pale pale. Walipochoka nikawaambia, "Mmemaliza? Basi tokeni mkaone udongo." Nikawaambia na lile jingine, la kuchimba. Wale wa nyuma waliacha kucheka. Mmoja akasema, "Na mimi nilikuwepo pale chini."

Walitoka kweli, mwenyekiti na nusu ya ukumbi. Mwenyekiti aliinama kwenye kona ile, akachota udongo, akaunusa muda mrefu. Uamuzi ni huu: tanuri halipewi kitu kwa miaka mitatu. Mpime tena, vifuko mia moja, na mwisho wa miaka hiyo waamue kabisa. Mlinzi ni mimi, kwa sharti kwamba karatasi za maelezo nizisome kwa sauti mbele ya bwana misitu.

Nimezisoma. Ameniuliza maswali. Nilikosa moja.

Siku hizi wananiita Mzee Suruali. Nimeshazoea.

Mjomba

2 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Mtihani nimefaulu. Mama amenieleza habari za baraza kwa kirefu, naye anasema ulizungumza vizuri kuliko ulivyoniandikia. Hiyo ni mara ya kwanza wewe kupunguza.

Vifuko vipya vina wiki sita sasa. Vinaendeleaje?

Mpwa wako

13 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera. Nilimwambia kila mtu sokoni kwamba umekuwa wa kwanza. Mama yako akasema ni wa nne. Wa nne basi.

Leo Jumamosi nimezunguka vyote mia. Jongoo nimewahesabu kumi na saba, sikumsumbua mtu. Kwenye kona ya chini, kifuko namba saba nilikiinua kidogo kwa kijiti, kama ulivyonifundisha, na mwanga ukapita.

Kimepungua.

Mikono iliniwasha, mpwa wangu, sikufichi. Nilikirudisha chini taratibu, nikakifunika na majani, nikaenda zangu.

Mjomba